Uzazi Mgumu wa Ng'ombe katika Vihamba vya Kilimanjaro

Waandishi wa tarehe wamezoea kutusimulia mambo yaliyotukia mchana na hadharani: vita na suluhu, kutawazwa na kuuzuliwa kwa watawala, kufika kwa wageni na kuondoka kwao. Lakini maisha ya wakulima wa nchi hii yamejengwa kwa sehemu kubwa na mambo yatukiayo usiku katika banda lenye ng'ombe mmoja au wawili, ambamo mtu na jirani zake hukesha wakingoja ndama. Na ndama huyo akifika salama nyumba hupata maziwa, samadi, mahari na heshima, ama akikwama njiani nyumba hiyohiyo hupoteza kwa saa chache mali iliyochukua miaka kuikusanya. Nakusudia kueleza hapa habari za uzazi mgumu wa ng'ombe katika vihamba vya Mlima Kilimanjaro, tangu zama za ng'ombe wadogo wa asili hata zama zetu za machotara, na kuonyesha jambo moja ambalo habari hizo zote zalishuhudia: kwamba taabu ya usiku wa kuzaa aghalabu huwa imekwisha kuandikwa miezi tisa nyuma, siku jike alipopelekwa kwa dume.

Kihamba ni shamba la urithi, lenye migomba juu na mimea mingine chini ya kivuli chake. Mibuni iliyolifanya jina la Wachaga lijulikane katika masoko ya dunia ni mgeni, maana ilianza kupandwa na mapadri wa Kikatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Bali migomba, mifereji ya maji na ng'ombe wa kufungiwa ni urithi wa kale. Kwa kuwa ardhi ya mlimani ni haba na kila shubiri yake imepandwa, hapakuwa na malisho mapana karibu na makazi; kwa hiyo ng'ombe alikaa ndani, katika nyumba ya msonge alimolala mama na watoto, akafungwa upande wake, akaletewa majani ambayo wanawake waliyakata tambarare na kuyapandisha mlimani kichwani, pamoja na majani na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Samadi yake ilirudi kwenye migomba, na migomba ikamlisha tena. Ufugaji huu wa kufungia, ambao baadaye ulihubiriwa katika mikoa mingine kuwa njia mpya ya maendeleo, ulikuwa maisha ya kawaida ya Mchaga kwa vizazi vingi.

Ufugaji huo ulikuwa na fadhila moja ambayo haikutajwa sana. Ng'ombe wa mbugani huweza kujitenga na wenzake akazaa kichakani, na mchungaji akakuta asubuhi ndama amesimama au mzoga. Lakini ng'ombe wa kihambani hakuzaa peke yake abadani. Mama wa nyumba, aliyelala hatua chache kutoka kwake, alizijua pumzi zake za kila usiku, na zilipobadilika alizisikia. Alimwona akiacha kula, akilala na kuinuka, akigeuza kichwa kuutazama ubavu wake. Alikuwa amekwisha kuona siku mbili tatu kabla jinsi kiwele kilivyojaa na jinsi mishipa ya pande mbili za shina la mkia ilivyolegea na kubonyea. Kwa hiyo mkunga wa kwanza wa ng'ombe huko mlimani alikuwa mwanamke, na elimu yake haikutoka katika kitabu, ilitoka katika ujirani wa miaka mingi na mnyama aliyemjua kama ajuavyo watoto wake.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa zebu mdogo mwenye nundu, wa jamaa ile ya pembe fupi iliyoenea Afrika ya Mashariki yote. Uzito wa jike mzima haukuzidi sana kilo 200 au 250, na ndama wake alizaliwa akiwa na kilo 20 au pungufu, yaani si zaidi ya sehemu moja katika kumi ya uzito wa mama. Karne nyingi za njaa, kiangazi na maradhi zilikuwa zimekwisha kufanya uteuzi ambao hakuna mwanadamu awezaye kuufanya kwa ukali kama ule: jike ambaye nyonga zake hazikumpitisha ndama alikufa bila kuacha binti wa kumrithi udhaifu huo, na dume wa ndama wakubwa kupita kiasi alipunguza uzao wake mwenyewe. Wahenga walisema kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, na ukitaka kuiona kweli ya msemo huu, mtazame zebu anapozaa: mzigo aliopewa ni mzigo wa kimo chake.

Hata hivyo taabu zilikuwapo. Ndama aweza kuwa mdogo na bado akaja vibaya: mguu mmoja umekunjika gotini, kichwa kimegeukia ubavuni, au mnyama mzima amekuja kinyumenyume na miguu ya nyuma imebaki chini ya tumbo lake, kiasi kwamba kinachogusa mlango wa uzazi ni mkia peke yake. Katika taabu hizo wazee walikuwa na maarifa ambayo daktari wa leo hawezi kuyacheka. Walijua kutofautisha kwa vidole, bila kuona, mguu wa mbele na wa nyuma: ukianza kwatoni na kupanda juu, viungo viwili vya kwanza vya mguu wa mbele hukunjika upande mmoja, ilhali vya mguu wa nyuma hukunjika kwa kupingana. Walijua kwamba mkono mkavu ni adui, wakaupaka samli au mafuta. Walijua kwamba wakati wa jike kusukuma si wakati wa mtu kurekebisha, bali yampasa angoje uchungu upoe ndipo amsogeze ndama ndani, apate nafasi ya kukinyoosha kilichopindika. Na ikiwa ndama alikuwa amekufa tumboni na hakuna namna ya kumtoa mzima, walikuwapo miongoni mwa wafugaji wa bara watu hodari waliothubutu kumkata vipande ndani kwa ndani ili wamwokoe mama.

Lakini tusiipambe jadi kwa sifa isizostahili. Mara nyingi mkono ule haukuwa safi, na jike aliyeokoka katika uzazi alikufa baada ya siku chache kwa usaha wa mfuko wa uzazi. Mara nyingi subira ilizidi mpaka, watu wakangoja usiku kucha kile ambacho kisingekuja. Na mara nyingi hofu ililazimisha nguvu, kamba ikavutwa na kundi la wanaume mpaka nyonga ya mama ikateguka. Hata ndama alipokufa na mama akapona, nyumba ilikuwa na shida nyingine, kwa sababu zebu hashushi maziwa asipomwona mwanawe. Ndipo wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki wakabuni hila ya kuikausha ngozi ya ndama aliyekufa, kuijaza majani na kuiweka mbele ya mama aitie ulimi, ili ampe binadamu yale ambayo angempa mwanawe.

Fauka ya hayo, ng'ombe aliyekuwamo nyumbani huenda hakuwa wa nyumba ile. Ilikuwa desturi kubwa ya Wachaga kufugishana: mwenye mali nyingi aliwagawia jamaa na rafiki ng'ombe zake wawatunze, mtunzaji akafaidi maziwa na samadi, na mwenyewe akabaki na haki ya ndama, isipokuwa kile ambacho mapatano yalimpa mtunzaji kwa jasho lake. Kwa njia hii maskini alikunywa maziwa, na tajiri hakuiweka mali yake yote mahali pamoja penye hatari. Lakini fikiri, ewe msomaji, uzito wa usiku wa kuzaa kwa mtu aliyetunza amana ya mwenziwe! Akifa ng'ombe, yampasa ampashe habari mwenye mali, na aeleze jinsi alivyokufa na juhudi zilizofanywa. Ndiyo maana kuwaita jirani mapema kulikuwa msaada na ushahidi pia. Mtu aliyejaribu peke yake kwa siri, kisha akashindwa, alijitia katika shaka ambayo hata ukweli haukuiondoa upesi.

Thamani ya kila ndama ilipanda kupita kiasi baada ya msiba mkuu wa sotoka. Maradhi hayo, yaliyoingia Afrika kwa upande wa pwani ya Bahari ya Shamu katika mwaka 1887 au karibu na hapo, yalishuka kusini kwa kasi ya kutisha na kufika nchi zetu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Yakawafuta ng'ombe wa Wamasai na jirani zao kwa wingi ambao wazee waliousimulia hawakuweza kuusimulia bila majonzi. Dunia ilitangaziwa mwaka 2011 kwamba sotoka imekwisha kabisa, na ni kheri kubwa; lakini kizazi kilichoishi baada ya pigo lile la kwanza kilianza upya na majike wachache, na katika hali hiyo usiku mmoja wa uzazi mgumu ulikuwa suala la kuwapo au kutokuwapo kwa zizi zima. Kulinda mimba na kulinda uzazi kukawa ni kuulinda ukoo.

Wakati huohuo katika nchi za mbali elimu ya tiba ya wanyama ilikuwa ikijijenga. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, na karne iliyofuata ikaona nyingine nyingi. Lakini kwa muda mrefu ukunga wa ng'ombe uliachiwa wachungaji, na wasomi walianza kuushughulikia kwa dhati baadaye. Mnamo 1897 Mdenmark mmoja, Jürgen Schmidt, alionyesha kwamba homa ya maziwa, maradhi yawaangushayo majike wenye maziwa mengi karibu na saa ya kuzaa, yaweza kutibiwa kwa kutia dawa ndani ya kiwele, na muda si muda ikaonekana kwamba hata hewa tupu iliyopulizwa humo ilifaa. Katika miaka ya 1920 na 1930 ikajulikana wazi kwamba asili yake ni upungufu wa madini ya kalsiamu katika damu, na sindano ya madini hayo ikamwinua katika muda mfupi mnyama aliyedhaniwa kuwa maiti. Mwaka 1926 Franz Benesch wa Vienna alieleza namna ya kuchoma sindano ya ganzi penye shina la mkia, ili jike aache kusukuma bila kuanguka, na mkono wa mkunga upate raha ya kufanya kazi. Baadaye upasuaji wa ubavuni, jike akiwa amesimama kwa ganzi, ulifikia ukamilifu hata ukawa kazi ya kila siku ya madaktari wa vijijini Ulaya.

Elimu hii ilifika kwetu pamoja na serikali za kigeni, na kwa muda mrefu ilikaa mahali pao. Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo Mpwapwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakakiendeleza. Kabete, karibu na Nairobi, pakawa makao ya uchunguzi wa maradhi ya wanyama kwa Kenya. Hima yao kubwa ilielekea kwenye tauni za mifugo, sotoka, ndigana na homa ya mapafu, na haki kufanya hivyo, kwa sababu hizo ziliua maelfu. Ama taabu ya jike mmoja katika kihamba kimoja haikuwa na ofisi. Walowezi wa nyanda za juu waliagiza ng'ombe wa Ulaya, na ili kuyazuia maradhi yaambukizwayo na madume wakaanza uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu kwa mkono wa mtu badala ya kumpeleka kwa dume, huko Kenya mwaka 1935. Kituo kikuu cha kazi hiyo kikafunguliwa Kabete mwaka 1946. Miaka mitatu baadaye wataalamu wa Uingereza waligundua kwamba mbegu za dume zikichanganywa na gliserini zaweza kugandishwa na kuhifadhiwa, na mwaka 1951 akazaliwa ndama wa kwanza kwa mbegu ya namna hiyo. Tangu hapo dume aliyekufa aliweza kuwa baba, na dume wa ng'ambo aliweza kuzaa mlimani bila kuuona mlima.

Hapo ndipo habari zetu zinapogeuka. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wa serikali ya kikoloni kuhusu kilimo, uliwafungulia wakulima Waafrika wa Kenya njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, yaani wenye damu ya Ulaya. Na upande wa Tanganyika, hasa baada ya uhuru, vihamba vya Kilimanjaro vikaanza kupokea damu ya Friesian, Ayrshire na Jersey, kwa kununua mitamba au kwa mbegu. Sababu zilikuwa za haki. Ardhi ilikuwa imegawanywa na kugawanywa tena kati ya wana, kahawa ilikuwa na bei isiyoaminika, na familia haikuwa na nafasi ya kufunga zebu watatu ambao maziwa yao yote hayakumtosha mtoto mmoja. Ilhali chotara mmoja aliyelishwa vizuri aliweza kujaza ndoo. Maziwa hayo yaliwasomesha watoto, yakawapa akina mama fedha ya mikononi mwao wenyewe, na vyama vya ushirika vya maziwa vikasimama kwa nguvu zao. Mtu mwadilifu hawezi kuyalaani mabadiliko hayo.

Bali kila neema ina dhamana yake. Jike wa Friesian wa Ulaya ana uzito wa kilo 550 hata 650, na ndama wake huzaliwa na kilo 40 hivi; wa Jersey ni mwepesi zaidi, kilo 25 kwa kukadiria. Mtu angedhani kwamba msiba ungetokea mara moja, siku mbegu ya Friesian ilipowekwa tumboni mwa zebu. Lakini mara nyingi haukutokea, kwa kuwa tumbo la mama lina hukumu yake, na wachunguzi wa mifugo wameona kwamba jike wa jamaa ya zebu huuzuia ukuaji wa ndama aliyemo ndani yake hata baba awe mkubwa vipi. Wakulima wakatulia na kudhani kwamba hapana hatari. Hatari ilikuwa imengoja kizazi cha pili na cha tatu, kwa mabinti wa chotara, ambao walirithi kutoka kwa baba uwezo wa kulea ndama mkubwa tumboni, ila hawakulishwa hata wakapata mwili wa kumpitisha. Kigogo cha mgomba, chakula kikuu cha banda la mlimani wakati wa kiangazi, zaidi ya sehemu tisa katika kumi zake ni maji. Mtamba aliyekuzwa kwa chakula hicho hudumaa, na nyonga zake hubaki finyu. Akiingia joto mapema na kupandwa kwa pupa na dume wa jirani au na mbegu yoyote iliyopatikana siku ile, basi shauri la usiku ule limekwisha kukatwa.

Tena mipango ya hisani, kwa nia njema kabisa, iliiweka hatari hiyo katika nyumba zisizoweza kuibeba. Katika utaratibu uitwao kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ulioenea Tanzania pamoja na mashirika kama Heifer Project International ya Marekani, familia isiyo na kitu hukopeshwa mtamba mwenye mimba, kisha hulipa deni kwa kumtoa ndama jike wa kwanza apewe familia nyingine. Ni utaratibu wenye heshima, kwa kuwa mpokeaji wa leo huwa mtoaji wa kesho, na ndani yake yaonekana sura ya ile desturi ya kale ya kufugishana. Lakini mnyama anayekabidhiwa ni mtamba katika uzao wake wa kwanza, naye ndiye miongoni mwa ng'ombe wote aliye karibu zaidi na uzazi mgumu. Na mwenye kumpokea huenda hajapata kumwona chotara akizaa. Ndama akifa, deni na malipo yake hufa pamoja. Palipokuwa na mafunzo ya kutosha na bwana mifugo wa karibu, watu walifanikiwa. Palipokosekana hayo, nyumba ilibaki na banda jipya lisilo na mnyama.

Nilipata kuwapo katika kihamba kimoja upande wa Machame mtamba chotara alipokuwa akizaa. Chupa ya maji ilikuwa imepasuka tangu alasiri, na magharibi ilipoingia zilionekana kwato mbili laini za rangi ya manjano, kisha zikakaa palepale. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kufunga kamba juu ya vifundo wakingoja amri, ndipo bibi mwenye nyumba alipowazuia. Akanawa mkono hadi kiwiko kwa sabuni ya mche, akauingiza taratibu, akainamisha kichwa kama mtu asikilizaye jambo.

"Miguu ni ya mbele, wanangu," akasema, "lakini kichwa hakipo. Mkivuta sasa mtamvunja shingo."

Bwana mifugo alifika kwa pikipiki, akamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kichwa kimegeukia ubavuni, mkono wa kushoto." Kijana yule hakuona haya kupokea habari hiyo, akauliza tu, "Uzima upo?" Bibi akajibu kwamba ametia kidole kinywani mwa ndama, na ndama amenyonya.

Kazi iliyofuata haikuwa na haraka wala kelele. Bwana mifugo alivaa glavu ndefu, akaipaka mafuta tele, akangoja mtamba apumzike. Akamsukuma ndama ndani kwa kiganja kilichowekwa kifuani, na katika nafasi ile ndogo iliyopatikana vidole vyake vikapapasa shingo mpaka shavu, na shavu mpaka mdomo, akaufunika mdomo kwa kiganja ili meno yasije yakauchana mfuko wa uzazi, akauleta. Mtamba aliposukuma, mkono ulisimama. Alipotulia, mkono uliendelea. Kichwa kilipokaa juu ya magoti aliwaruhusu vijana wavute, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili, ili mabega yapite kwa mshazari, wala si yote kwa pamoja. Na kichwa kilipotoka kamba zilielekezwa chini, upande wa visigino vya mama. Ndama alianguka juu ya majani makavu ya migomba akiwa kimya. Bibi akamtia unyasi puani, ndama akapiga chafya. Bibi akamsugua kwa gunia, akamnyunyizia chumvi kidogo mgongoni, na mtamba akageuka akaanza kumlamba.

Katika tukio hilo elimu mbili zilikutana bila kushindana, na kila moja ingepungukiwa bila ya nyingine. Glavu na usafi vilitoka katika elimu ya kitabu. Chumvi, unyasi na ule ujasiri wa kuwazuia vijana vilitoka katika jadi. Kutokana na muungano huo zimethibiti kanuni ambazo kila mfugaji mdogo yampasa azijue. Maji yakipasuka na saa mbili zikapita bila dalili ya kuendelea, mtu aitwe, maana kungoja zaidi si subira tena. Kamba isivutwe kabla mkono haujajua miguu ni ya nani na kichwa ki wapi. Wavutaji watosha wawili, nao wafuate uchungu wa mama. Nguvu zaidi ya hapo ni alama kwamba njia ni finyu na kwamba kisu cha daktari chahitajika. Ndama ajaye kwa miguu ya nyuma, nyonga zake zikishapita, atolewe bila kukawia, kwa kuwa kitovu hubanwa naye angali kichwa ndani. Kondo likichelewa lisivutwe kwa nguvu wala kufungiwa uzito. Na dang'a impate ndama katika saa za kwanza, kwa maana kinga yake yote ya maradhi imo humo.

Yafaa pia tuwakumbuke wakunga wenyewe, ambao hatari yao haitajwi. David Bruce alikigundua huko Malta mwaka 1887 kijidudu cha homa iliyowasumbua askari kwa miezi, na mwaka 1897 Bernhard Bang wa Denmark akaona jamaa ya kijidudu hicho katika ng'ombe waharibuo mimba. Leo twajua kwamba mkono mtupu, uliogusa maji ya uzazi wa jike mwenye maradhi hayo, huweza kumletea mtu homa na maumivu ya viungo ya muda mrefu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, nayo hupita njia hiyohiyo. Ni wangapi miongoni mwa wazee wetu walioumwa viungo miaka na miaka, wakadhani ni baridi ya mlima, ilhali ni malipo ya ukunga wao? Glavu za fedha kidogo zingewaepusha, na hadi leo mabanda mengi hayana hata jozi moja.

Lakini hata glavu, ganzi na kisu ni dawa za mwisho wa jambo, na tarehe yatushurutisha tutazame mwanzo wake. Ubelgiji kuna ng'ombe wa nyama waitwao Belgian Blue, walioteuliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya misuli, hata sasa zaidi ya tisa katika kila kumi wa aina halisi hawazaliwi ila kwa kupasuliwa mama zao. Na nchi hiyo yaweza kustahimili jambo hilo kwa sababu daktari na barabara vipo karibu na kila banda. Sisi hatuwezi kustahimili hata sehemu ndogo ya taabu hiyo. Kwa mfugaji wa kihambani, ambaye daktari wa upasuaji huenda yuko Moshi mjini na usiku ni wa mvua za masika, dume ateuliwaye kwa wepesi wa uzazi ana thamani kubwa kuliko dume asifiwaye kwa maziwa ya binti zake peke yake. Mtamba wa kwanza na apewe mbegu ya Jersey au ya dume ambaye ndama wake wamejulikana kuwa wadogo. Asipandwe kabla hajafikia kama theluthi mbili za uzito wa mama yake. Alishwe mabingobingo, pumba na madini tangu utoto wake, si mwezi wa mwisho wa mimba, ambapo chakula cha ziada humnenepesha ndama na kuijaza njia mafuta. Na tarehe ya kupandwa iandikwe ukutani au daftarini, ili baada ya siku 280 hivi asiwepo mtu wa kushtukizwa usiku.

Haya si mambo magumu, wala hayahitaji fedha za wafadhili. Yahitaji mhimilishaji amweleze mfugaji habari za dume kabla ya kufungua chupa ya mbegu, na mfugaji naye awe na haki na ujasiri wa kuuliza. Yahitaji vyama vya ushirika vya maziwa, ambavyo hukusanya lita kila asubuhi, vikusanye pia habari za jinsi ndama wa kila dume walivyozaliwa, jambo ambalo nchi zenye maziwa mengi zimelifanya kwa miaka mingi na kwalo zimepunguza taabu hii kuliko kwa kamba zote. Wazee wetu hawakuhitaji daftari la namna hiyo, kwa kuwa mauti yaliwaandikia: dume mbaya alijifuta mwenyewe. Sisi tuliochukua kalamu ya uteuzi kutoka mkononi mwa maumbile, tukaleta damu za mbali kwa ajili ya faida yetu, tumejitwika wajibu ambao zamani haukuwa wa mtu. Na haki ya mnyama aliyetulishia watoto ni kwamba wajibu huo tuutimize mchana, wakati wa kuchagua, pasipo kuungoja usiku wa kamba.